Sura ya Saba: Alama ya Tupa

Mwanakombo aliuweka mfuko wa plastiki juu ya boneti ya gari lililokuwa karibu, akausukuma mbele ya Hamisi.

"Hii ndiyo inayotaka kukupeleka jela. Itazame kwanza, ndipo unifukuze."

Hamisi hakuinua macho. Alikuwa amekaa juu ya tairi, kikombe cha chai mkononi, mlango wa chuma wa gereji umeshushwa nusu. Tangu gari la mteja wake mzee Karel, Mbelgiji aliyewahi kuishi Bujumbura, lilipojibamiza kwenye ukuta wa handaki na kumwua mwenyewe, wateja waliokuwa wakimsumbua Hamisi hata siku ya Iddi sasa walipita Chaussée de Wavre wakitazama upande wa pili. Matonge, mtaa huu wa Waafrika nchini Ubelgiji, habari haihitaji gazeti. Ikishaingia saluni moja, jioni iko kanisani, na kesho yake imefika Bujumbura.

"Nilishaongea na polisi," alisema. "Nilishaongea na expert wenu, ule wa lunettes machoni. Weye sasa ni wa ngapi?"

"Wa mwisho."

"Bon. Wote walisema ni wa mwisho."

Alikuwa na haki ya kununa. Mwanakombo, mzaliwa wa Tanga na mpelelezi wa kampuni ya bima, alikuwa amepewa jalada ambalo hukumu yake ilikuwa tayari imepikwa. Yeye alitakiwa kupakua tu. Kampuni yake ndiyo iliyoikatia bima gereji ya Hamisi. Mtaalamu alipoifungua injini ya gari la mzee Karel, gari la spoti la Kiitaliano lenye umri wa kuitwa babu, alikuta sensa ya presha ya oili, kijidude kinachouendesha mshale wa dashibodi, imekufa, tena imekwaruzwa. Akaandika kwamba fundi alimfungia mteja kifaa kibovu akijua ni kibovu. Likithibitika hilo, bima hailipi hata senti, na Hamisi anasimama mbele ya hakimu kwa kifo cha mtu. Lilikuwa limebaki jambo moja, sahihi ya Mwanakombo, na ilitakiwa leo.

Sasa Mwanakombo alikuwa na ugonjwa mmoja usiotibika: akiharakishwa, anasimama.

"Mzee Hamisi, mtaalamu alikuonyesha sensa yenyewe?"

"Alionyesha nini? Aliuliza kama niliuza occasion, kifaa ya mtumba. Nikasema non. Akaandika, akaenda."

"Basi nimekuletea. Usiifungue, itazame humo humo ndani ya mfuko."

Hamisi alishusha kikombe, akauchukua mfuko kwa uvivu wa mtu aliyechoka kuonyeshwa vitu. Akaugeuza. Kisha akainuka, akaenda nao hadi pale mlangoni palipokuwa na mwanga, akauchunguza kwa muda ambao Mwanakombo aliona ni mrefu mno kwa mtu mwenye hatia.

"Hii naijua," alisema. "Hii niliiua mi mwenyewe."

"Umeiua?"

"Angalia. Hapa kwa ubavu. Croix, msalaba. Ile ni tupa yangu." Alipitisha ukucha juu ya plastiki, pale palipokatwa alama mbili zilizopishana. "Kwetu Buyenzi, kule Bujumbura, kifaa ikikufa, fundi anaipiga tupa. Juu ya nini? Usipoipiga, vijana wanaisugua na brosse, wanaitia mu carton, kesho iko sokoni ni mpya. Ikiwa na tupa, hata mwizi hairudishe mu gari. Ni maiti, dada. Kila muntu anajua."

"Kila mtu wa Buyenzi."

"Donc, expert wenu angeenda Buyenzi akaulize."

Mwanakombo alitaka kucheka, akajizuia. Alama ambayo mtaalamu aliiona kuwa ushahidi wa udanganyifu ilikuwa kiapo cha fundi kwamba kifaa kile kisirudi tena kwenye gari.

"Ukishaipiga tupa, unaitupa?"

"Situpe. Namupa mwenye gari, mkononi. Kusudi asiende kusema Hamisi amenila, amesafisha ya zamani akasema amebadili. Unamupimia mbele ya macho yake, unamupa maiti yake, anaenda nayo. Hapa Wabelgiji wanacheka. Mi nafanya tu."

"Ya mzee Karel zilikufa ngapi?"

"Deux." Hamisi alirudi kukaa, lakini uvivu ulikuwa umemtoka. "Ya kwanza ilikuwa inadanganya kwa chini. Mshale kwa zéro, taa nyekundu inawaka, na huile, oili, iko mingi. Mzee akasimamisha gari katikati ya barabara, akanipigia simu anatetemeka. Nikafunga manomètre yangu ya mkono, presha ni nzuri kabisa. Nikabadili. Baada ya miezi, ya pili nayo ikakufa. Lakini ile ilikuwa inadanganya kwa juu. Mshale juu, saa yote juu. Hata moteur imezimwa, mshale uko juu. Nikaweka mpya."

"Imekatika ndani."

"Voilà. Ile ya kwanza inakuogopesha. Ile ya pili inakuzika."

Mwanakombo aliitazama tena sensa. Vipimo vya mtaalamu vilisema hivyo hivyo, imekatika ndani. Hii ilikuwa ya pili, ile inayozika.

"Lakini sensa haimwagi oili," alisema. "Injini ilikutwa kavu. Oili ilikwenda wapi?"

"Ile moteur inakula huile, ni kizee. Mzee alikuwa anajua. Nilimwambia, angalia mshale, ukianza kushuka unaongeza. Hakuwa anapima na ile fimbo ya moteur, mgongo ulikuwa unamuuma kuinama. Alikuwa anaamini mshale kama vile anaamini padri."

Basi aliyefanya hivi hakuhitaji kumwaga tone. Alihitaji kurudisha maiti mahali pake, kisha asubiri. Mshale ungebaki juu, mzee angeendesha kwa amani, na oili ingeisha yenyewe hadi injini inoki na kukwama na magurudumu ya nyuma yakwame nayo.

"Mzee Hamisi, kama maiti imerudi ndani ya injini, basi mzima ametolewa. Ile sensa mpya uliyofunga iko wapi?"

Hamisi alimtazama kwa mara ya kwanza.

"Ile swali, dada, hakuna aliniuliza."

"Nakuuliza mimi. Na hii iliyokufa ulimkabidhi nani?"

Hamisi aliinama. Akaokota kitambaa, akafuta mikono iliyokuwa safi.

"Ya kwanza nilimupa mzee."

"Na ya pili?"

"Mzee alikuwa na grippe, mafua makali. Gari ilikuja kuchukuliwa na ule binti wa ndugu yake. Evelien." Sauti ilishuka. "Nilimuonyesha pale kwa tester, nikamuelezea. Nikamuwekea mkononi."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Mi nilijua maiti iko kwao, nilijua gari ina mpya. Na ule binti amefiwa. Nilienda kwa maziko nikamupa mkono. Kumutaja muntu ako mu matanga, kwetu ni uchawi."

"Na wewe kukaa jela kwa kosa la mtu mwingine, kwenu ni nini?"

Hamisi alikitupa kitambaa. Akainuka, akaushika mlango wa chuma kwa mikono miwili na kuusukuma juu, wote, ukapiga kelele mtaa mzima. Wapita njia wawili wakageuka.

"Waangalie vizuri," alisema. "Gereji iko wazi."

*

Jina la Evelien lilikuwa limejitokeza mapema mno, na mpelelezi anayerukia jina la kwanza hana tofauti na yule mtaalamu mwenye miwani. Kulikuwa na mtu mwingine aliyelitaka gari lile: Constant, mwana wa Lubumbashi, mchuuzi wa magari ya kale, aliyekuwa amemwendea mzee Karel mara tatu na kufukuzwa mara tatu. Ana spana, ana mikono, na gari bovu hununuliwa kwa bei ya chuma chakavu. Mwanakombo alimkuta kwenye baa karibu na Porte de Namur, mbele ya glasi ya maji ya ndimu, koti lake limekunjwa juu ya kiti kingine kama mgeni rasmi.

"Maman, unaniona mi mujinga?" Constant alisema alipomsikiliza hadi mwisho. "Ile voiture, bei yake ni moteur. Moteur yake ya kuzaliwa nayo, numéro ni ile ile. Kuua moteur juu ya kununua gari? Ni sawa na kuchinja ng'ombe juu unataka maziwa."

"Ungeweza kuinunua kwa bei ya bure."

"Bure ya nini? Ya carcasse, mifupa ya gari? Mi miko na carcasse tatu kwa dépôt, zinanizeesha." Alikunywa maji. "Mwenye kuchukia ile gari haiko mi. Ni ule bibi, nièce yake, mutoto wa ndugu yake. Alinipigia simu. Alisema, njoo uichukue, hata bei kidogo, muzee asiendeshe tena, macho imeisha. Nikaenda na remorque ya kuivuta. Muzee akatoka na fimbo. Alinitukana mu Swahili, maman, Swahili ya Bujumbura, hadi nikaona haya."

"Alipokupigia alisema kitu kingine?"

Constant alifikiri. "Alilia," alisema. "Alisema, Constant, atakufa ndani ya ile kitu."

Mwanakombo alitaka kulipia maji ya ndimu, Constant akakataa, wakabishana kidogo kwa heshima, na Constant akashinda. Huyu hakuwa mtu wake. Mchuuzi asiyependa hasara haanzi kwa kuivunja bidhaa anayoitaka.

Simu ililia akiwa anapanda ngazi za kutoka metro. Alikuwa Andrée, mkuu wa idara yake, mwanamke asiyepandisha sauti kwa sababu hajawahi kuhitaji.

"Ripoti iko mezani kwangu bila sahihi yako," alisema kwa Kifaransa chake kilichopigwa pasi.

"Itaendelea kukaa hivyo."

"Mtaalamu ameshasema."

"Mtaalamu ameona alama, akaisoma kinyume. Fundi aliiweka ili sensa ile isifungwe tena. Nipe hadi jioni."

"Mwanakombo, nikuulize. Unamfanyia kazi nani?"

"Aliyekata bima. Hamisi hajawahi kuchelewa kulipa, nimetazama. Siku anayotuhitaji, hatuwezi kujifanya hatumjui."

"Nikipata mtu mwingine wa kutia sahihi?"

"Mpate. Nami nitampelekea mwendesha mashtaka ripoti yangu mwenyewe, na mtachagua ipi mwitetee mahakamani."

Alikata yeye kwanza. Kazi aliipenda na kodi ya nyumba haisubiri mtu, lakini hasira iliyokuwa ikimpanda ilikuwa tamu kuliko hofu, akaiacha ipande.

*

Nyumba ya marehemu ilikuwa Boitsfort, karibu na msitu, imejaa maboksi. Evelien alifungua mlango mwenyewe, nywele amezifunga kwa kalamu, macho yamevimba. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alizungumza Kifaransa polepole, kama wanavyozungumza walimu hata na watu wazima. Alimkaribisha kahawa. Mwanakombo akaipokea. Kumkataa aliyefiwa kahawa yake ni jambo ambalo hata Tanga wasingemsamehe.

"Sijui lolote kuhusu magari," Evelien alisema kabla ya kuulizwa.

"Sitakuuliza kuhusu magari. Fundi Hamisi huwarudishia wateja vifaa vilivyokufa. Mjomba wako alikuwa akiviweka wapi?"

Kidole cha Evelien kilielekeza kabla kichwa hakijakubali. Juu ya kabati la vitabu palikuwa na bakuli la mti, kazi ya Burundi, na ndani yake plagi, mkanda uliokatika, na sensa mbili.

"Vyote ni vibovu," alisema. "Alivitunza kama watu wanavyotunza meno ya watoto."

Mwanakombo hakuvigusa. Alitoa simu, akapiga picha kutoka juu, kutoka ubavuni, kisha akainama hadi pua ikakaribia ukingo wa bakuli. Sensa ya kwanza ilikuwa chafu, na ubavuni ilikuwa na alama mbili zilizopishana. Ya pili nayo ilikuwa imepakwa grisi ikafanana na mwenzake. Lakini ubavu wake ulikuwa laini kote, na kwenye nyuzi za skrubu bado palionekana gundi nyeupe ambayo haijapata kuungua.

"Hii moja haina alama," alisema.

"Alama gani?"

"Hamisi hukikata kwa tupa kila kifaa kilichokufa, kisirudi tena kwenye gari. Sensa zilizokufa ni mbili tu. Moja hii hapa. Nyingine ilikutwa ndani ya injini, na alama yake. Basi hii isiyo na alama ndiyo ile nzima, aliyoifunga yeye."

Evelien alikuwa amesimama na birika la kahawa mkononi. Hakuliweka chini wala hakumimina.

"Labda mjomba mwenyewe alibadilisha."

"Mgongo ulikuwa haumruhusu hata kuinama kupima oili."

"Basi mtu mwingine. Mwizi. Yule mchuuzi."

"Mwizi aliyeingia sebuleni, akaacha saa ya ukutani, akachukua sensa iliyokufa, akarudisha nzima ndani ya bakuli ili hesabu ya mzee isipungue?" Mwanakombo alinyoosha mgongo. "Na kuna jambo jingine. Maiti zilikuwa mbili. Moja ingemwashia taa nyekundu, angesimama. Nyingine ingemwambia kila kitu ni salama. Aliyechagua alijua ipi ni ipi. Hamisi alimweleza mtu mmoja tu zaidi ya mzee, akampimia mbele ya macho yake. Alikuwa wewe."

Birika lilirudi juu ya meza. Evelien alikaa, akaiweka mikono mapajani, na alipoanza kusema sauti ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Nilitaka gari life. Si yeye."

Mwanakombo aliirudisha simu mkobani.

"Daktari wa macho alimkataza. Nikaficha funguo, akachongesha nyingine. Nikaleta mnunuzi, akamfukuza kwa fimbo. Nikawaza, injini ikifa hatakuwa na nguvu ya kutengeneza tena. Ni kitu cha kufungua kwa spana moja. Yeye alikuwa akienda nalo kanisani tu, Jumapili, polepole hadi baiskeli zinampita. Nikajua litafia pale, mbele ya kanisa, atanuna mwezi mzima, kisha yataisha." Alimeza mate. "Siku ile hakwenda kanisani. Alikwenda kuona bahari, Ostende. Hakuniambia kwa sababu alijua nitamkataza. Alikuwa akirudi kwa barabara ya mwendo kasi injini ilipokwama."

Mwanakombo alimwonea huruma. Naye alikuwa na baba Tanga, na pikipiki ambayo ndugu zake wote walikuwa wakiiombea ipotee.

"Twende ukawaambie polisi hivyo hivyo," alisema kwa upole. "Neno kwa neno."

Evelien alitikisa kichwa.

"Hapana. Nitapoteza kazi. Nitafungwa. Kwa yule fundi ni kosa la kazini tu. Mafundi hukosea, na ana bima."

"Bima hailipi fundi akisemwa alidanganya. Na mwendesha mashtaka anamngoja."

"Watamwonea huruma. Ana watoto."

"Alikuja mazikoni," Mwanakombo alisema. Upole ulikuwa umekwisha. "Alikupa mkono. Wateja wamemkimbia, mtaa unamsengenya, na hadi leo asubuhi alikuwa hataki kulitaja jina lako kwa sababu una msiba. Wewe umekaa hapa unamgawia kifungo chako kwa kuwa ana watoto."

Uso wa Evelien ulipiga wekundu. Akasimama.

"Hii ni nyumba yangu sasa. Huna kibali. Nitakanusha kila nilichosema. Ondoka, la sivyo naita polisi."

"Ita."

Mwanakombo alivuta kiti, akakiweka kati ya Evelien na kabati la vitabu, akaketi, mkoba mapajani, mikono juu ya mkoba.

"Nilikuwa nataka kuwaita mimi," alisema, "lakini ukiita wewe watafika upesi zaidi. Waambie kuna mwanamke mweusi sebuleni kwako amekataa kutoka. Watakuja mbio. Watanikuta nimekaa hivi hivi, sijagusa kitu, na bakuli liko nyuma yangu. Nami nitawaomba walitazame."

Evelien aliliangalia bakuli. Akapiga hatua moja. Mwanakombo hakuinuka, alimtazama tu, na hatua ya pili haikuja.

Evelien akachukua simu mezani. Akabonyeza namba. Sauti ya mwanamume ikasikika, ikauliza kwa utulivu kuna nini. Evelien alifungua kinywa akiwa amemkazia macho mgeni wake, na Mwanakombo akajiandaa kusikia akiitwa mvamizi.

"Bibi? Kuna nini hapo?"

"Fundi wa mjomba wangu," Evelien alisema. "Anaitwa Hamisi. Hana kosa."

Kisha akaanza kulia. Sauti ile ikamwomba arudie jina, akalirudia, herufi kwa herufi. Mwanakombo alibaki kitini, mgongo kwa bakuli, hadi waliposikia gari la polisi likisimama mlangoni.